Kilomita 28 Zako, 56 za Pikipiki: Gharama ya Kutembea Msituni Kutoka Kisangani

Hifadhi ya msitu ya Masako iko km 14 kutoka Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta, karibu na kijiji cha Batiabongena. Ina hekta 2,105, na imekuwa hifadhi tangu 1953. Kwa anayetaka kushinda humo siku moja na kurudi kulala kwake, hesabu inaonekana nyepesi: km 14 za kwenda na km 14 za kurudi, jumla 28. Lakini pikipiki ikikupeleka asubuhi, ikageuka mjini kutafuta riziki, kisha ikaja kukuchukua alasiri, imekwenda km 56. Nusu yake imekwenda bila abiria. Anayelipia nusu hiyo ni wewe, hata kama dereva hakuitaja mlipokuwa mkipatana.

Mwendo huo mtupu ndio unaopanga bei ya matembezi ya msituni kutoka Kisangani, kuliko umbali wenyewe na kuliko kibali. Jijini Nairobi mtu hupanda matatu, akashuka jirani na msitu wa Karura, akakata tiketi getini. Kutoka Kampala kwenda Jinja, teksi zinapita katikati ya msitu wa Mabira, na abiria wa kutembea hushuka kama abiria mwingine yeyote. Unguja, daladala za kwenda Jambiani na Makunduchi hupita mlangoni pa msitu wa Jozani. Kote huko gari lingekwenda hata kama wewe usingekuwepo. Kisangani hakuna basi lenye ratiba linalokufikisha kwenye hifadhi. Kuna pikipiki, baiskeli za toleka, taxi-bus zinazoondoka zikijaa, na mitumbwi. Kwa hiyo swali la kwanza la mtembeaji wa Kisangani si nauli ni kiasi gani. Ni chombo gani kingekwenda huko hata bila mimi?

Kabla ya hesabu, tuelewane tunatafuta nini. Anayetaka ziwa la kulizunguka kwa miguu hatalipata hapa, na anayetaka nyika ya vichaka vya baridi ajue kwamba Kongo inayo juu ya Rwenzori, baada ya mita 3,000, kwenye mpaka wa mashariki wa nchi. Kisangani iko karibu mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, nusu digrii kaskazini ya ikweta. Hakuna mlima wa kupanda. Kinachochosha hapa ni joto, unyevu, tope na vijito. Kilichopo ni mto na msitu, na vyote viwili vinaanzia ndani ya mji.

Vya ndani ya mji nitavipita haraka kwa sababu gharama yake haina fumbo. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametapakaa kwa zaidi ya km 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na kwa jumla maji yanashuka karibu mita 60. La mwisho ni hapo Wagenia, ambako wavuvi wanatega madema makubwa kwenye vichanja vya magogo vilivyosimikwa ndani ya mkondo. Mji wenyewe upo hapo kwa sababu ya maporomoko hayo: boti zinazopanda kutoka Kinshasa, mwendo wa zaidi ya km 1,700, haziwezi kwenda mbele zaidi, na ndiyo maana Stanley alianzisha kituo chake hapo mwaka 1883. Upande wa kaskazini kuna maporomoko ya Tshopo, penye mtambo wa umeme wa miaka ya 1950. Kote kuwili unafika kwa safari fupi ya pikipiki ya mjini, na dereva hapati hasara kwa sababu hapo hapo anapata abiria mwingine wa kurudi naye. Mwendo mtupu ni karibu sifuri. Bei ni ya kawaida.

Sasa Masako, ambako hesabu inaanza kuuma.

Sitaandika bei kwa faranga, kwa sababu faranga ya leo si ya mwezi ujao, na gazeti hukaa kwenye rafu kuliko bei inavyokaa kwa Kadafi. (Kwa msomaji wa mbali: Kadafi ni yule muuza petroli wa chupa kando ya barabara.) Nitatumia lita ya petroli kama sarafu. Kila mtu anaijua bei yake siku hiyo, na dereva naye moyoni anahesabu hivyo hivyo. Pikipiki ndogo ya kazi, ikiwa na abiria kwenye barabara ya udongo, tuichukulie inakula lita 3 kwa km 100 na kwenda wastani wa km 25 kwa saa. Kuna kitu cha pili: muda wa dereva. Jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo, ana matengenezo, ana watoto wake. Tuseme saa yake moja ina thamani ya lita moja. Ni kadirio langu, na kila msomaji anaweza kulibadili. Baadaye nitaonyesha kwamba halibadilishi jibu.

Njia ya kwanza, akupeleke, arudi mjini, aje kukuchukua. Km 56 ni lita 1.7 za petroli na saa mbili na robo za kazi. Jumla lita 3.9.

Njia ya pili, akusubiri. Watu wengi huichagua kwa sababu inaleta utulivu: pikipiki iko pale, huna wasiwasi. Petroli ni lita 0.8 tu, lakini muda ni saa moja ya barabarani na saa sita za kukaa chini ya mti. Jumla inakaribia lita 8. Utulivu umekula mara mbili ya bei ya kwanza.

Njia ya tatu, ujaze kiti ambacho kingekwenda kitupu, kwenda na kurudi. Unalipia km 28 tu: lita 0.8 na saa moja na kidogo, jumla chini ya lita 2. Na hapo bado unalipa kamili; dereva ambaye angerudi kijijini bila abiria anaweza kukubali pungufu, maana petroli hiyo angeiunguza kwa vyovyote.

Kwa hiyo tuna 2, 4 na 8. Msitu mmoja, umbali mmoja, pikipiki aina moja. Ukiona thamani niliyoipa saa ya dereva ni kubwa mno, ishushe: kumsubirisha kutaendelea kuwa ghali kuliko kumwacha aende mpaka saa yake ishuke chini ya moja ya sita ya lita, na sijui dereva atakayekaa jua zima kwa bei hiyo.

Je, kiti kitupu kinapatikana kweli? Ukiangalia barabara zinazoingia Kisangani alfajiri utapata jibu. Mji unalishwa kutoka msituni. Kabla jua halijachomoza vizuri, baiskeli na pikipiki zinaingia na makaa, ndizi, mihogo, pondu (majani ya mihogo), majani ya kufungia kwanga (mkate wa mihogo), na katika msimu wake, mbinzo, yaani viwavi vya kuliwa. Baada ya kushusha mzigo, vyombo vingi vinageuka. Asubuhi hiyo hiyo, vinavyotoka mjini kuelekea vijijini vina nafasi. Mchana ukipinduka mambo yanageuka: wauzaji wanarudi kwao na sabuni, chumvi, mafuta na samaki wa chumvi, vyombo vya kutoka mjini vinajaa, na vinavyorudi mjini vinakosa watu. Mtembeaji anakwenda kinyume cha mkondo huo. Anatoka mjini asubuhi wakati wengine wanaingia, anaingia mjini alasiri wakati wengine wanatoka. Ni bahati ambayo watembeaji wa miji mingi hawana, wao wanaogombania basi moja na kila mtu aliyepewa mapumziko ya Jumamosi.

Kuna toleka pia. Baiskeli hizi za kubeba abiria ndizo zilizouweka mji huu kwenye miguu wakati wa vita, petroli ilipoadimika na mto ulipofungwa, na ingawa pikipiki zimezisukuma pembeni hazijaisha. Mwendeshaji akibeba mtu mzima km 14 atachoka kabla yako, na sioni ubinadamu mkubwa katika kumwomba arudie alasiri. Lakini baiskeli yenyewe ukiikodi na kuiendesha mwenyewe, km 14 kwa mwendo wa km 12 kwa saa ni saa moja na dakika kumi. Petroli sifuri, mwendo mtupu sifuri, na hakuna wa kumsubirisha. Kwa mwenye miguu mizuri hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, nami nashangaa jinsi inavyodharauliwa na watu wanaosema wanatoka kwenda kufanya mazoezi.

Kundi kubwa nalo lina hesabu yake. Kukodi taxi-bus siku nzima kwenda Masako, ikiwa barabara inapitika, ni petroli kidogo: tuseme lita 14 kwa km 100, kwa hiyo lita 3.9 kwa km 28. Kinachouma ni muda. Gari la watu 16 linaingiza zaidi ya pikipiki. Tukilipa lita 3 kwa saa, kwa saa tisa ni lita 27. Jumla karibu lita 31. Mkiwa 16, kila mmoja analipa lita 1.9, sawasawa na kiti kitupu cha pikipiki. Mkiwa wanane, ni lita 3.9, sawa na pikipiki ya kupeleka na kuchukua. Chini ya wanane, taxi-bus ni fahari tu. Wapo watakaosema mbona wawili hupanda pikipiki moja na bei ikagawanyika? Inagawanyika, na breki nazo zinagawanyika.

Mvua inazivuruga hesabu hizi kuliko kitu kingine chochote. Kisangani inapata kati ya mm 1,700 na 1,800 kwa mwaka, na hakuna mwezi ulio mkavu kabisa. Desemba hadi Februari, na tena Juni na Julai, inapungua. Machi hadi Mei, na Agosti hadi Novemba, inakaza. Chukua barabara ile ile baada ya usiku wa mvua kubwa. Mwendo unashuka mpaka km 15 kwa saa na petroli inapanda hadi lita 4 kwa km 100. Njia ya kwanza, ya lita 3.9, sasa ni karibu lita 6. Tope la usiku mmoja limepandisha bei kwa nusu. Dereva anayekataa bei ya jana hakudanganyi. Yeye ameshaiona barabara.

Tuingie msituni. Hekta 2,105 ni km za mraba 21. Kama eneo hilo lingekuwa duara, kipenyo chake kingekuwa km 5.2; anayekwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili na kurudi angetembea kama km 10. Sasa linganisha na saa za mwanga. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Kisangani inatumia saa za mashariki ya Kongo ingawa iko upande wa magharibi wa ukanda huo, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa 12 na robo asubuhi na kuzama karibu saa 12 na dakika 20 jioni, likichelewa au kuwahi kwa robo saa kulingana na mwezi. Ukitoka mjini saa 1, saa 2 unaanza kutembea. Radi na mvua za alasiri zinashauri uwe nje ya msitu ifikapo saa 8. Hizo ni saa sita. Toa moja ya kupumzika na kula lituma, ndizi zilizopondwa, uliyofunga, zimebaki tano. Kwenye kijia kilichoota majani, chenye mizizi na miti iliyoanguka, km 2 kwa saa ni mwendo wa haki. Tano mara mbili ni kumi. Masako ina ukubwa hasa wa siku moja, na hili ni jambo ambalo ramani haikuambii ila hesabu inakuambia.

Katika hizo km 10, ukitazama mita 10 kushoto na mita 10 kulia, umepita kwenye hekta 20 za msitu. Misitu ya bonde la Kongo kwa kawaida ina kati ya miti 300 na 500 kwa hekta yenye unene wa sm 10 na zaidi. Umepita mbele ya miti 6,000 hadi 10,000, na bado hujaona hata asilimia moja ya hifadhi. Masako ina vipande vya umri tofauti: mashamba yaliyoachwa juzi, msitu mchanga unaorudi, msitu wa pili uliokomaa, na sehemu za limbali ambako mti mmoja, Gilbertiodendron dewevrei, unatawala karibu peke yake na chini yake kuna kivuli kizito. Ndani ya siku moja unatembea kutoka shamba la mwaka jana hadi msitu wa karne. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza 1963, kimewaleta wanafunzi wake hapa kizazi baada ya kizazi kuhesabu panya, miti na viwavi.

Maji ya kunywa ni nusu lita kwa saa, kwa hiyo lita 3, yaani kilo 3 mgongoni wakati wa kuanza. Mtu wa kukuongoza ni lazima, na awe wa kijiji kile. Tumlipe lita 6 kwa siku. Mkiwa wanne ni lita 1.5 kila mmoja. Kibali kiombwe mjini mapema, na chefu wa kijiji aonwe mkifika. Siafu hawana bei.

Sasa vuka mto. Hifadhi ya Yoko iko upande wa Lubunga, kwenye barabara ya Ubundu, kati ya km 21 na km 38. Ilitangazwa mwaka 1959 na ina hekta 6,975, zaidi ya mara tatu ya Masako. Mto Yoko unaigawa: hekta 3,370 kaskazini na hekta 3,605 kusini. Kwa msitu wenyewe, wengi wangeipendelea. Lakini Kisangani haina daraja juu ya mto Kongo. Kuteremka hadi baharini lipo moja tu, la Matadi, lililofunguliwa 1983. Unavuka kwa mtumbwi wa mota au kivuko, unalipa, kisha unaanza upya kutafuta pikipiki upande wa pili. Hadi km 21 tu, mwendo wa kupeleka na kuchukua ni km 84: lita 2.5 za petroli na saa tatu na dakika ishirini, jumla lita 5.9, bila kuhesabu mto. Yoko siku ya jua ina bei ya Masako siku ya tope.

Na kuna gharama isiyoingia kwenye lita. Tangu 2023 mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola umeua watu, umechoma nyumba na umewafukuza maelfu kutoka Lubunga na vijiji vya ng'ambo hiyo. Mtembeaji anayeona barabara imetulia wiki hii asidhani jambo limekwisha; aulize kwanza, na aulize zaidi ya mtu mmoja. Wiki ambazo jibu ni la kusitasita, hesabu yangu ya lita 5.9 ni karatasi tu.

Upande huo kuna kitu kimoja ambacho kingeweza kuibadilisha Yoko kabisa: reli. Njia ya Kisangani hadi Ubundu, km 125, ilifunguliwa 1906 ili kuyaruka maporomoko. Treni ni chombo kinachokwenda hata bila wewe, ndicho kile tulichokuwa tukikitafuta tangu mwanzo. Ila treni hii haina ratiba ya kutegemewa, na huwezi kumpangia mtu matembezi ya siku moja kwa treni ambayo siku yake haijulikani. Mji wenye reli inayoelekea msituni, na watu wake wanakodi pikipiki kwenda huko huko.

Yangambi ni habari nyingine, na si ya siku moja. Iko karibu km 100 magharibi, ukingo wa kulia. Kituo cha utafiti kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 kwa jina la INEAC, leo ni INERA. Hifadhi ya biosfia, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1976, ina hekta karibu 235,000, mara 112 ya Masako. Kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa yenye vielelezo karibu 150,000, na ndani ya msitu kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka kwenye miti, wa kwanza wa aina yake katika bonde la Kongo.

Ukitaka kuona jinsi kurudi kunavyoweza kuwa ghali kuliko kwenda, ndiyo safari ya kuichunguza. Chukua baleinière, boti kubwa ya mbao, inayokwenda km 10 kwa saa kwenye maji yaliyotulia. Tuseme mkondo wa mto ni mita 1 kwa sekunde, yaani km 3.6 kwa saa. Kuteremka unakwenda km 13.6 kwa saa: km 100 ni saa 7 na dakika 20, bila kuhesabu vituo. Kupanda unabaki na km 6.4 kwa saa: saa 15 na zaidi ya nusu. Maji yale yale, mashine ile ile, na kurudi ni zaidi ya mara mbili ya kwenda. Kuteremka kunaisha mchana. Kupanda kunakula usiku, na mtoni usiku si mahali pa kufanyia akiba. Kwa hiyo teremka kwa boti, ambayo ingeteremka hata bila wewe, na urudi kwa barabara na pikipiki ya Yangambi, si ya Kisangani. Tofauti si ndogo. Pikipiki ya Kisangani ikikufuata na kukurudisha ni km 200 kwa lita 6 za petroli, nusu yake tupu. Ya Yangambi yenye safari yake ya kwenda mjini kununua vipuri ni km 100, na imeshaamua kwenda.

Epulu nitaitaja kwa sababu kila mgeni huiulizia. Hifadhi yake ya Okapi ina km za mraba zaidi ya 13,000, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1996 na kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Mwaka 2012 waasi walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Kutoka Kisangani ni zaidi ya km 400 za barabara. Hayo si matembezi ya wikendi, na kuiweka kwenye orodha moja na Masako ni kuwatia watu tamaa bure. Msitu mkubwa wenye jina umeufunika ule mdogo ulio mlangoni.

Kwa nini basi Masako haina watembeaji kama Karura? Karura ina hekta zaidi kidogo ya 1,000, nusu ya Masako, na ina zaidi ya km 50 za njia. Ilikuwa inyakuliwe, Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea msitu huo. Leo una uzio, geti na tiketi. Watu husema Kisangani haina fedha za kutengeneza njia. Tupige hesabu ya hilo pia. Njia moja ya mzunguko, km 12, upana mita 1.5, inachukua hekta 1.8, yaani chini ya sehemu moja kati ya elfu ya hifadhi. Mtu mwenye panga akisafisha mita 400 kwa siku, ni siku 30 za kazi. Msitu huu unaota haraka, kwa hiyo irudie mara tatu kwa mwaka: siku 90. Kwa lita 4 kwa siku, ni lita 360 kwa mwaka mzima. Wakija watembeaji 10 kwa wiki, 520 kwa mwaka, kila mmoja anadaiwa lita 0.7.

Njia, basi, inagharimu theluthi ya kiti kitupu, na chini ya moja ya tano ya pikipiki ya kupeleka na kuchukua. Jumlisha vyote kwa kundi la wanne: usafiri lita 3.9, kiongozi 1.5, njia 0.7, jumla lita 6.1. Kwa kiti kitupu, lita 4.2. Kama Kadafi anauza lita kwa faranga 4,000 siku hiyo, ni karibu faranga 24,000 dhidi ya 17,000 kwa kichwa. Tofauti hiyo ya faranga 7,000 inatosha kulipa njia mara mbili na chenji ikabaki.

Kwa hiyo anayetaka kuufungua msitu huu kwa watu wa mji asianze na uzio, wala na bango lenye picha ya tumbili. Aanze na siku moja ya wiki inayojulikana, Jumamosi kwa mfano, na orodha ya madereva wa upande wa Batiabongena wanaoleta mzigo siku hiyo. Watembeaji 10 ni viti 10 vya kwenda na 10 vya kurudi vilivyokuwa vinapita vitupu. Fedha inaingia kwa dereva wa kijijini badala ya wa mjini, na kijiji kinachoona fedha hiyo kila Jumamosi kina sababu ya kupitisha panga kwenye njia bila kungoja mradi.

Mpaka hapo atakapotokea mtu wa kupanga, mwenye haraka ajipangie mwenyewe. Makaa hushushwa mapema. Ikifika saa 12 na nusu pikipiki nyingi zimebaki tupu na madereva wanakunywa chai. Saa 1 na nusu wengi wameshageuka. Nenda uwakute kwenye chai, taja km 14, taja saa 8 ya kurudi, na mpatane bei ya mwendo mmoja kila upande.